Kijana wa Issuna Ukienda Kusomea Habari na Siasa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wapo vijana wa kata ya Issuna na wa wilaya nzima ya Ikungi, mkoani Singida, wanaojaza "uandishi wa habari" kwenye maombi ya chuo. Wengine wamevutwa na sauti za redioni. Wengine wamevutwa na siasa, maana wamekulia katika wilaya ambayo mikutano ya hadhara haijawahi kukosa watu.

Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na hauna maneno ya kubembeleza. Msingi wake ni mmoja. Uandishi wa habari na mawasiliano ya siasa hufundishwa katika majengo yaleyale, mara nyingi na walimu walewale, lakini ni kazi mbili. Mwandishi huuliza kwa niaba ya wananchi. Mtu wa mawasiliano hujibu kwa niaba ya aliyemwajiri. Zote mbili ni kazi halali. Anayezifanya zote mbili kwa wakati mmoja anawadanganya watu, na kwa kawaida huanza kwa kujidanganya mwenyewe. Yote yanayofuata yanatoka hapo.

KABLA YA KUPANDA BASI

1. Hakiki chuo kabla ya kulipa hata shilingi. Chuo kikuu kiwe kimetambuliwa na TCU. Chuo cha cheti na stashahada kiwe kimesajiliwa na NACTVET. Usikubali neno la mtu aliyekukuta stendi na kipeperushi. Vyuo vyenye historia vipo. Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatokana na chuo cha uandishi cha serikali kilichoanza mwaka 1975 na kuunganishwa na Chuo Kikuu mwaka 2003. SAUT ya Mwanza imekua kutoka kituo cha mafunzo cha Nyegezi na kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Vipo pia vyuo vikuu vya Dodoma na Iringa, Chuo Kikuu Huria kwa anayesoma huku akifanya kazi, na SUZA kwa upande wa Zanzibar. Uliza mambo matatu: studio inafanya kazi? Mafunzo kwa vitendo ni ya wiki ngapi? Wanafunzi wanachapisha au kurusha nini?

2. Usidharau stashahada. Kuingia shahada moja kwa moja kunahitaji angalau ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4. Usipozipata, usijione umekwisha. Stashahada yenye wastani wa GPA 3.0 inaweza kukufikisha chuo kikuu, tena ukiwa tayari unajua kushika kinasa sauti. Kanuni za Sheria ya Huduma za Habari zenyewe humtambua mwandishi kuanzia ngazi ya stashahada.

3. Usiondoke bila kujua nani atalipa. Omba mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) mapema: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, fomu ipate sahihi za viongozi wa kijiji, majina yafanane kwenye kila karatasi. Kisha ukumbuke kwamba ule ni mkopo. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa hadi deni liishe. Bumu likiingia, lipa chumba na chakula kwanza. Mwanafunzi wa habari anayenunua viatu vya bei kubwa huku hana daftari amekwishajipima mwenyewe.

4. Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji kabla hujaondoka. Mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Nenda na daftari. Andika nani alisoma mapato na matumizi, alitaja kiasi gani, nani alisimama kuuliza, alijibiwa nini, na swali gani liliachwa bila jibu. Ukirudi nyumbani andika maneno 300. Ukishindwa kueleza kilichotokea Issuna mbele ya macho yako, hutaweza kueleza kilichotokea bungeni.

DARASANI

5. Soma kile kinachokuchosha. Wanafunzi wengi wa habari hukimbilia studio na kukwepa uchumi, sheria na takwimu. Ni kosa. Chukua alizeti, zao ambalo kila kaya ya Issuna inalijua. Bajeti ya mwaka 2022/23 ilipunguza ushuru wa forodha kwa mafuta ya kula yanayotoka nje, kwa nia ya kushusha bei madukani. Mafuta ya nje yakaingia kwa wingi, na msimu uliofuata bei ya alizeti ikaporomoka. Wakulima wa Singida na Dodoma wakalalamika, na bajeti ya 2023/24 ikaupandisha tena ushuru. Habari hiyo ilianza na sentensi chache ndani ya hotuba ndefu ya Waziri wa Fedha. Mwandishi aliyejua kusoma sentensi hizo angeweza kuwaonya wakulima miezi mingi kabla ya mavuno. Asiyejua alisubiri magunia yakose mnunuzi, ndipo akaenda kupiga picha.

6. Usisome mbinu bila historia. Mwalimu Nyerere mwenyewe alishtakiwa mwaka 1958 kwa kashfa kutokana na makala iliyochapwa katika Sauti ya TANU, akapatikana na hatia na kulipa faini. Baada ya Uhuru ikaja Sheria ya Magazeti ya 1976, kisha Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Machi 28, 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba vifungu vingi vya sheria hiyo ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 marekebisho yakaondoa kashfa katika makosa ya jinai ya sheria hiyo. Asiyejua mlolongo huu atadhani kila waziri mpya wa habari ameanzisha dunia.

7. Andika kila siku, na uandike kama mtu anayeeleza jambo. Vyumba vyetu vya habari vina ugonjwa wa "amewataka". Tazama mfano huu wa kubuni: "Mkuu wa Wilaya amewataka wananchi kukitunza kisima kilichozinduliwa na Mwenge wa Uhuru." Sentensi hiyo haina habari. Sasa tazama hii: "Kisima kilichozinduliwa na Mwenge mwaka jana kinatoa maji saa mbili kwa siku, na akina mama wa vitongoji viwili bado wanachota bondeni." Ya pili ilimlazimu mwandishi afike, ahesabu, na aongee na mtu mwenye ndoo. Kiongozi atapata nafasi yake aya ya tatu, akijibu. Habari inaanzia kwa mwenye shida, haianzii kwa mwenye kipaza sauti.

8. Usikiache Kinyaturu nyumbani. Kiswahili chako kiwe sanifu, kisicho na "kwa upande wake" katika kila aya. Kiingereza kijue, kwa sababu vitabu vingi vya kozi na mikataba mingi ya serikali viko katika lugha hiyo. Lakini mzee wa Issuna akieleza mpaka wa shamba lake kwa Kinyaturu, wewe ndiye mwandishi pekee kwenye chumba chako cha habari utakayemwelewa bila mkalimani. Usijidai umesahau lugha kwa sababu umekaa Dar es Salaam mihula miwili.

9. Usiipe akili mnemba kazi yako. Itumie kupanga maswali au kuandika mahojiano kutoka kwenye sauti, kisha uhakiki kila neno. Programu hiyo haikuwapo mkutanoni. Haijui kwamba mwenyekiti alitoka nje lilipofika suala la fedha. Inaweza kukutungia nukuu nzuri ya mtu ambaye hakusema, na kashfa hiyo itabeba jina lako.

10. Soma nyaraka ambazo wengine wanasubiri kusimuliwa. Tangu matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalipopunguzwa mwanzoni mwa 2016, wengi wamezoea kulijua Bunge kwa vipande vya video vya dakika moja. Taarifa Rasmi za Majadiliano zipo. Zisome. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwasilishwa bungeni Aprili, na sehemu moja huhusu serikali za mitaa. Tafuta jina la halmashauri yako. Linganisha kilichoandikwa na kile ulichosikia kikisomwa kijijini. Pengo kati ya viwili hivyo ni stori yako ya kwanza.

11. Usinyamazie rushwa ya ngono. Mwalimu anayetaka mwili ili atoe alama, au mhariri anayetaka hivyo ili atoe nafasi, anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Tunza ujumbe, andika tarehe, mweleze mtu unayemwamini, piga 113 kwa TAKUKURU. Na wewe mvulana usiyeguswa, usicheke wala usisambaze umbea kuhusu aliyeguswa. Wanawake waandishi walioanzisha TAMWA mwaka 1987 walikuwa wamechoka kuona wanawake wakiandikwa vibaya na vyombo vilevile walivyovitumikia. Usiwarudishe nyuma.

MAFUNZO KWA VITENDO

12. Nenda mahali utakapofanyishwa kazi. Wanafunzi hupigania vituo vikubwa vya Dar es Salaam, kisha wanakaa miezi miwili wakiagizwa chai na kupiga picha na watangazaji. Redio ya mkoani yenye watu wachache itakupa kinasa sauti siku ya pili na kukutuma halmashauri. Singida ina redio na ina klabu ya waandishi. Jitambulishe huko. Utasoma taarifa ya habari mwezi wa kwanza, na utakosolewa na wasikilizaji wanaomjua baba yako.

13. Usipokee bahasha. Itaitwa nauli, posho, maji, asante. Itakuja baada ya semina, baada ya ziara ya mbunge, baada ya uzinduzi. Mtoaji haombi risiti, anaomba habari. Ni kweli kwamba waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa stori, na malipo huchelewa. Ugumu huo ni wa kweli na unapaswa kudaiwa kwa mwajiri. Haumpi mwenye habari ruhusa ya kukulipa mshahara. Kama gari la chombo chako halipo na umepanda gari la msafara wa kiongozi, sema hivyo kwa mhariri wako kabla hajachapa.

14. Usinakili taarifa kwa vyombo vya habari. Taarifa iliyoandikwa na afisa habari ni maelezo ya upande mmoja, hata ikiwa ya kweli yote. Itumie kama mwanzo wa maswali. Mradi umegharimu kiasi gani? Mkandarasi ni nani? Ulipaswa kukamilika lini? Nani hakualikwa kwenye uzinduzi? Ukibadilisha kichwa tu na kuweka jina lako juu, umeiba mara mbili: kazi ya aliyeandika, na imani ya anayesoma.

15. Piga simu ya pili. Mtu akituhumiwa, mpe nafasi ya kujibu kabla ya kuchapa, na umpe muda unaotosha. "Simu yake iliita bila kupokelewa" si mizania kama ulipiga mara moja saa tano usiku. Nenda ofisini. Tuma ujumbe wenye maswali. Andika saa uliyotuma. Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, limeshughulikia malalamiko mengi ya watu walioandikwa bila kusikilizwa. Usiwe sababu ya lalamiko jingine.

16. Linda aliyekuamini. Mtumishi wa zahanati aliyekuonyesha daftari la dawa ana watoto na ana mkuu wake wa kazi. Katika kijiji, kusema "mtumishi mmoja wa kike wa zahanati" ni sawa na kutaja jina, kama mtumishi wa kike yuko mmoja. Fikiri kabla ya kuandika cheo, jinsia, kitongoji. Usitoe ahadi ya siri usiyoweza kuitunza, na ukiitoa itunze.

UKIFIKA KWENYE SIASA

17. Chagua upande wa meza, na usikae pande zote mbili. Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wa The Nationalist, kisha wa Daily News, kabla ya kuwa katibu wa habari wa Rais mwaka 1974. Baadaye akawa waziri, na kuanzia 1995 akawa Rais. Gerson Msigwa alitoka utangazaji akawa msemaji wa Ikulu na baadaye wa Serikali. Saed Kubenea alitoka MwanaHALISI akawa mbunge wa Ubungo mwaka 2015. Kuvuka si dhambi. Ukivuka, vuka hadharani, siku moja, na uache kalamu ya mwandishi upande ule uliotoka. Ripota anayeandika hotuba za mgombea usiku na kuripoti mkutano wake mchana ni mwizi, hata kama anaandika vizuri.

18. Usiwe chawa. Kumsifu kiongozi kutwa kwenye simu yako ukitarajia uteuzi hakuhitaji shahada, na waajiri wa aina hiyo hawatunzi watu. Mawasiliano ya siasa ni taaluma. Ni kujua wananchi wanauliza nini, kuandaa majibu yenye takwimu sahihi, kumwambia bosi kwa faragha kwamba hotuba yake ina uongo, na kumzuia asiitoe. Mshauri asiyeweza kusema "hapana, mheshimiwa" hana anachoshauri.

19. Usifiche unakotoka, wala usikubebe hadi kwenye stori. Ukisema umetoka Ikungi, utaulizwa kuhusu mwanasiasa Tundu Lissu kabla hujamaliza kutaja jina lako. Yeye ni mzaliwa wa wilaya hii. Aliwakilisha Singida Mashariki bungeni kuanzia 2010, akapigwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017, akapoteza ubunge mwaka 2019, akagombea urais 2020, akashtakiwa kwa uhaini Aprili 2025. Kiti chake kilikwenda kwa Miraji Mtaturu wa CCM, aliyepita bila kupingwa. Katika nyumba moja ya Issuna unaweza kumkuta baba anayemlilia mmoja na mama anayemshukuru mwingine. Wote wawili ni wasomaji wako. Ukiandika habari ambayo mmoja wao hawezi kuisoma hadi mwisho bila kuona jina la kiongozi wake limechafuliwa bure, rudi uandike upya. Maoni yako yaweke kwenye ukurasa wa maoni, chini ya jina lako.

20. Ukiajiriwa na chama, ofisi au mgombea, usikate maneno ya mpinzani. Kipande cha video kilichokatwa kabla ya neno "lakini" ni uongo, hata kama kila sauti ndani yake ni ya kweli. Usitunge kura za maoni. Usichukue namba za simu za wanachama wa kikundi cha akina mama na kuzitumia kutuma ujumbe wa kampeni bila ridhaa yao. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Na kama mgombea wako ameshindwa kujibu kuhusu maji, usimtungie ngoma. Mtafutie jibu.

SHERIA NA USALAMA

21. Jua vifungu kabla havijakutafuta. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa maoni na wa kutafuta habari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu kuchapisha taarifa za uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Takwimu ya 2015, iliyorekebishwa 2018 na tena 2019, inagusa namna unavyotumia takwimu. Kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni kwa anayetaka kufungua chaneli yake. Soma sheria zenyewe. Usisome vichekesho vya mtandaoni kuhusu sheria hizo.

22. Itumie Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andika barua, taja taarifa unayoitaka, peleka, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ofisi ina siku zisizozidi 30 kukujibu. Wanafunzi wengi hulalamika kwamba viongozi wanaficha taarifa, ilhali hawajawahi kuandika hata barua moja. Ukinyimwa, barua ya kunyimwa nayo ni habari. Ukipewa, usiipindishe, maana sheria hiyohiyo ina adhabu kwa anayepotosha alichopewa.

23. Usiende peke yako kwenye hatari, na usiende bila mtu kujua. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Septemba 2, 2012 kijijini Nyololo, wilayani Mufindi, akiripoti shughuli ya chama cha siasa iliyoingiliwa na polisi. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeandikia Mwananchi kuhusu mauaji ya Kibiti na Rufiji, alionekana mara ya mwisho Novemba 21, 2017. Hao walikuwa waandishi wa mikoani, wenye simu, daftari na familia, kama utakavyokuwa wewe. Mwambie mhariri unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Vaa kitambulisho. Kwenye vurugu kaa pembeni, usikae katikati ya pande mbili. Hakuna picha inayolipa uhai wako, na mhariri anayekuambia vinginevyo aende yeye.

24. Usitegemee intaneti pekee. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na watu wakakaa siku kadhaa bila kujua ndugu zao wako salama. Mwandishi aliyehifadhi namba zote, nyaraka zote na anwani zote mtandaoni alibaki mikono mitupu. Andika namba muhimu kwenye daftari. Jifunze kutuma habari kwa simu ya kawaida, kwa sauti, ukitaja herufi za majina moja moja. Betri ya akiba na redio ndogo ya masafa ya kati si mapambo ya wazee.

BAADA YA JOHO

25. Pata ithibati. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka kila mwandishi atambuliwe na Bodi ya Ithibati, na mwaka 2025 bodi hiyo ilianza kazi na kutoa vitambulisho. Unaweza kuipinga sheria kwa hoja, na wapo waliokwenda nayo mahakamani. Lakini usitembee bila kitambulisho kisha ukategemea huruma ya mlinzi getini. Na usijiite mwandishi kwa sababu una kamera. Makanjanja wanaotishia kumwandika mtu ili awape fedha wameshaichafua kazi hii vya kutosha.

26. Usisubiri ajira ya serikali ikukute umelala. Nafasi za maafisa habari wa halmashauri zipo, lakini ni chache na waombaji ni wengi. Wakati unasubiri, andika. Tuma makala kwa mhariri, tengeneza kipindi kifupi cha sauti, fanyia kazi ushirika wa wakulima unaohitaji mtu wa kuandika taarifa zake vizuri. Ukiitwa usaili, peleka kazi uliyoifanya. Alama za chuo zitasomwa baadaye.

27. Rudi uiandike Issuna. Watu wanapita Issuna kwa mabasi ya Dodoma kwenda Singida na Mwanza. Wananunua kuku na mafuta ya alizeti dirishani, na hawajui lolote kuhusu mahali hapa. Ndani ya wilaya yako kuna mgodi wa dhahabu huko Mang'onyi ulioanza uzalishaji mwaka 2023. Kuna maswali ya ardhi, fidia, ushuru wa huduma na vijana wanaosubiri kazi. Kuna wakulima wanaopangiwa bei na watu wasiowafahamu. Kuna shule, zahanati, visima na vikao vya Baraza la Madiwani ambavyo ni vya wazi na mara nyingi havina mwandishi hata mmoja. Hakuna mtu wa Dar es Salaam atakayekuja kuyaandika hayo kila wiki. Ukikaa mjini kwa sababu unaona aibu ya kijiji, usishangae kijiji kikiandikwa tu pale kinapotembelewa na kiongozi.

28. Usisahau aliyekulipia. Nyuma ya karo yako kuna ng'ombe waliouzwa, kuna magunia ya alizeti, kuna kodi ya mwananchi kupitia Bodi ya Mikopo. Watu hao hawakudai uwasifu. Wanadai uwaambie ukweli kuhusu fedha zao, mashamba yao na viongozi wao, kwa lugha wanayoielewa. Ukiamua kufanya kazi ya mawasiliano kwa kiongozi, wanadai ujibu maswali yao kweli, na umwambie bosi wako wanachouliza.

Masharti haya ni magumu kwa sababu kazi yenyewe ni ngumu, na anayeifanya vibaya huwaumiza watu wengi kwa mara moja. Atakayeyakubali, aende na aombe chuo leo. Atakayeona kwamba bahasha, uchawa na kunakili ni sehemu ya kawaida ya kazi, abadilishe kozi mapema, kabla dirisha la maombi halijafungwa. Kuna fani nyingine nyingi ambazo Singida inazihitaji, na uandishi wa uongo si mojawapo.